Kijiti Kichwa Chini

Sole ni muti usio na haya. Nasema hivyo mapema, mutu asije akaniambia ni muti wa baraka kwa sababu aliuona ukipendeza ndani ya parseli za nyumba za Himbi, kartie ya muji wa Goma. Mimi ndiye niliyeupanda, niliyeukata, niliyeupanda tena. Ninaujua.

Hata si muti, ni kichaka. Vijiti vingi vinatoka chini pamoja, vyembamba, ganda lake jekundu, majani marefu yenye tumbo la kijivu. Madamu, muzungu aliyekuwa anaongoza ile ofisi niliyoitunzia bustani, alileta vijiti sita toka Ubelgiji ndani ya valizi, vimefungwa katika gazeti lenye mayi. Nilimucheka. Nilimuambia, "Madamu, Goma ni mawe ya volkano matupu. Hapa hata muhogo unaomba ruhusa." Yeye akanionyesha kule chini kabisa, kando ya ziwa, pale mayi ya kufulia nguo yalipokuwa yanaishia na kunuka. "Hapo, Léoncie. Huu unapenda mayi."

Kupenda gani! Ulikunywa lile tope lote la sabuni, pahali pakakauka, harufu ikaisha. Ulishika udongo wa ukingo, mawimbi yakaacha kuula. Vijiti vyake nilifungia tomati na marakuja, vingine nikavipinda kuwa ua mudogo wa kuzuia bata wa jirani. Na kuna siri moja Madamu alinifundisha: mayi ambamo vijiti vya sole vimelala siku mbili, ukiyamwagia vijiti vya maua ya roza, roza nazo zinatoa mizizi upesi. Nilijaribu, ni kweli. Kila mwaka unaukata mpaka kwenye kisiki, unafikiri umekufa, nao unarudi na vijiti mara mbili. Ubaya wake ni mizizi. Inafuata mayi popote yalipo. Iliingia ndani ya tiyo ya choo ikaziba, tukakaa wiki nzima tunaomba choo kwa jirani kama wageni. Nilitaka kuung'oa siku ile. Madamu akakataa.

Jambo lingine ulijue kabla sijaendelea. Himbi, ukipiga jembe, jembe linakurudishia cheche. Kwa ajili ya bustani yake, Madamu alileta kamiyo nne za udongo mweusi toka Kibumba, kwetu, zikamwagwa kule chini penye sole. Ndani ya parseli ile yote, udongo ambao mutu angeweza kuzikwa ndani yake ulikuwa pale tu.

Sentineli wetu aliitwa Kambere, Munande wa Butembo, murefu, mwenye mudomo. Alinichokoza tangu asubuhi mpaka jioni. "Mama Gisubizo, weye unaongea na miti kuliko watu. Ndiyo maana miti inakua na watu wanakukimbia." Na mimi namujibu, "Na weye unalinda geti umefunga macho. Mwizi akikuja atakufunika blanketi." Tulikuwa hivyo miaka saba. Nilipokata sole, yeye ndiye alichukua vijiti. Aliviloweka ziwani siku tatu, akasuka vitunga. Kimoja kikubwa, chenye kifuniko, alikituma Butembo kwa muke wake Micheline, mama wa mutoto wao Daniella, na Micheline akapiga simu kuuliza kama ni cha kubebea ng'ombe. Kambere alicheka mpaka akakaa chini.

Vita ilipoingia ndani ya muji, ule mwezi wa kwanza, Madamu na wenzake walikuwa wameshavuka mupaka. Mimi, kwa ujinga wangu, nilitoka kwangu Ndosho kwa miguu asubuhi, eti kunyweshea saladi. Saladi! Kufika saa tatu risasi zikafunga barabara zote. Watoto wangu walikuwa Ndosho na dada yangu, mimi niko Himbi na saladi.

Kambere aliniingiza ndani ya jikoni ya nje, nyumba ndogo ya matofali yenye mulango wa chuma. Akaniambia, "Piga komeo. Usifungulie mutu yeyote." Hayo ni maneno yake mwenyewe. Nimejifunika nayo sana, hayo maneno, siku nyingi.

Saa saba ya muchana risasi ilimupata pajani akiwa anakimbia toka geti kuja upande wangu. Sikuona. Nilisikia akianguka na kupiga kelele. Kiisha nikasikia anajivuta juu ya changarawe, polepole, mpaka mulangoni. Aligonga na kiganja, chini, karibu na sakafu.

"Mama Gisubizo, fungua. Ni mimi. Unipe mayi."

Sikufungua.

Ndani nilikuwa na bidoni ya litri makumi mbili, imejaa. Nilikuwa nimeikalia. Barabarani watu walikuwa wanakimbia, wanavunja mageti, na nikasema moyoni: nikifungua, wataingia, wataniua, Gisubizo na wenzake watabaki bila mama. Saa saba hiyo ilikuwa kweli. Hata saa nane. Lakini kufika saa tisa kartie yote ilinyamaza, nikasikia mpaka ndege, na yeye alikuwa bado anaita. Hakunitukana. Laiti angenitukana. Aliomba tu. "Mama Gisubizo, hata kidogo." Saa kumi na moja alikuwa bado, sauti imekauka. Nilijua nje hakuna mutu mwingine. Nilijua, na mukono wangu ukakataa kwenda kwenye komeo. Sina maelezo mengine, nimeyatafuta. Asubuhi nilipofungua, alikuwa ameegemea mulango, akaniangukia miguuni. Ziwa liko hatua makumi tatu toka pale.

Alikuwa amejifunga paja na mukaba wa suruali, mukaba wa ngozi wenye bakoli ya kufungia, ya shaba, iliyochorwa ndege. Fundo alilivuta na meno, alama za meno zilikuwa zinaonekana. Nilitaka kulifungua, vidole vikanishinda. Nilimuacha nao.

Njia ya makaburi ilikuwa imefungwa, maiti zimelala barabarani, na chumba cha maiti kimejaa, hivyo ndivyo jirani alivyonipigia kelele juu ya ukuta. Basi nikamuweka Kambere ndani ya brueti, toroli ya bustani, nikamufunika nappe ya meza ya Madamu, nikamushusha kule chini. Nilichimba peke yangu. Mimi ni mutu wa Kibumba, jembe nilizaliwa nalo, na udongo ule ulikuwa wa kwetu. Nilichimba mpaka mayi yalipoanza kutoka chini, nikaacha. Nikamulaza pale. Nikasema Baba Yetu, nikakosea katikati.

Kiisha nikakata kijiti cha sole, kinene kama kidole gumba, nikakipiga juu ya kaburi. Nilikipiga kichwa chini. Kwetu, ukitaka nguzo ya ua isiote, unaipiga hivyo, upande wa juu ndani ya udongo. Na mutu akifa kifo ambacho hutaki kisemwe, kijiti cha kaburi lake kinapigwa hivyo hivyo. Bibi yangu alikuwa anasema: kisiote, na maneno yasiote. Nilikipiga na jiwe mara tano, nikaenda kuosha mulango.

Rezo ya simu iliporudi, Micheline akapiga simu toka Butembo. Alikuwa ameshajua, sauti tu ilinionyesha. "Mama Gisubizo, uniambie. Alikufa namna gani?"

Nikasema, "Palepale. Risasi moja, akaanguka. Hakuteseka, mama Daniella. Hakusema hata neno moja."

Alilia kwanza, kiisha akasema, "Aksanti Mungu." Halafu akanishukuru mimi. Akanishukuru juu ya kumuzika bwana wake. Uongo kama huo kila mutu anausema kwa mufiwa, hata mapadri, na haumuui mutu. Lakini wangu haukuwa blanketi ya Micheline. Ulikuwa blanketi yangu.

Mwezi wa tatu nilishuka kule chini nikakuta kijiti kimetoa majani.

Yesu wangu! Kichwa chini, na kimeota. Nilikwangua yale majani na ukucha. Wiki mbili, yakarudi. Nikayakwangua tena. Yakarudi mara tatu zaidi, na ndipo nilipoelewa kwamba sole hauna kichwa wala miguu, mradi mayi yapo, unaota. Nikauacha.

Kiisha nyumba ikapata mukubwa mupya. Simutaji. Nilimuita Bosi kama alivyotaka. Alinikuta na jembe, akaniacha na jembe. Akasema anataka ua wa miti kando ya ziwa, mufululizo, watu wa pirogi wapitao ziwani wasimuone akikunywa bia yake. "Haraka," akasema, "kama sivyo nitatafuta mutu mwingine." Nilikata vichaka vyote sita mpaka kwenye visiki, nikapata vijiti sitini na kitu, nikavipanda mustari mumoja, kichwa juu vyote, hatua moja moja. Mustari ulipita juu ya Kambere. Kijiti chake kikaingia kati ya vingine. Na nitasema ukweli: nilifurahi. Nilisimama na jembe begani, nikaangalia, nikasema, sasa hakuna kaburi, kuna ua.

Tangu vita, mwaka mumoja na nusu ukapita. Sole ukanipita kimo. Hata mimi nilianza kuamini ile "palepale".

Micheline alikuja mwezi wa saba, kiangazi. Toka Butembo mpaka Goma, njia ilikuwa imefungwa na vita, kwa hiyo alizungukia Uganda, akashuka Rwanda, akaingia kwa mupaka wa Gisenyi, siku nne ndani ya mabasi. Nilimuona getini, mufupi, mweusi, miguu imevimba, na kichwani amejitwika kile kitunga cha sole chenye kifuniko. Hakikuwa na ng'ombe. Kilikuwa na shuka jeupe, jipya, limekunjwa.

"Nimekuja kumuchukua," akasema.

Tulikumbatiana. Akaniambia kwamba mama mukwe wake, tangu simu ile, amekataa kiti. Analala na kukaa chini juu ya mukeka, anasema matanga ya mutoto wake hayajaisha, hawezi kuinuka mpaka Kambere aingie ndani ya udongo wa baba yake. Muzee wa miaka makumi nane, magoti yamegeuka mawe. Walitaka kuzika mugomba badala yake, kama wanavyofanya kwa mutu aliyepotea, yeye akauliza: kwani mutoto wangu alipotea? Si kuna mama mumoja aliyemuzika na mikono yake? Aende aulizwe.

Micheline akatoa kitenge cha waksi ndani ya sashe ya plastiki, na kilo mbili za kahawa. "Hii inatoka kwa mama mukwe. Na mimi nina yangu ya kusema. Mama Gisubizo, weye ulinipa usingizi. Usiku nikianza kuwaza, ninajiambia palepale, palepale, hakusema hata neno. Ninalala." Nilishika kile kitenge, nikasema aksanti. Kiko bado ndani ya sashe yake, sijakishona.

Sasa unielewe. Bosi alikuwa safarini siku mbili. Sentineli wake, Cirimwami, Mushi wa Bukavu asiyependa maneno, aliposikia ni mujane alisema tu, "Saa kumi na mbili sitaki kuona shimo." Jembe lilikuwepo, udongo ulikuwa laini. Hakuna kilichotuzuia, isipokuwa mimi. Nilijua kuna nini chini ya kile kijiti. Nyama inaoza, nappe inaoza, lakini mukaba wa ngozi wenye bakoli ya shaba, umefungwa fundo kwenye paja, hauozi kwa mwaka na nusu. Mutu akiuona atasoma kila kitu. Na hakuna mutu duniani aliyejua kijiti ni kipi, mimi tu.

Tukashuka. Micheline akaangalia ule ukuta wa majani. "Ni wapi?"

Nikanyoosha mukono upande wa kulia, mbali kabisa na pale. "Hapo. Nafikiri ni hapo."

Alifunga kitenge chake juu ya magoti, akavua viatu, akachukua jembe mikononi mwangu. Mwanamuke yule anajua kulima. Alikata mizizi, akachimba mpaka kiunoni, mayi yakaanza kuingia. Hakuna kitu. "Labda ni hiki kinachofuata," akasema, bila hasira. Tukachimba cha pili. Mayi, mizizi, kipande cha sahani ya plastiki. Mimi nilikuwa natoa udongo na koleo, najifanya natafuta, na ndani yangu sauti inasema: tuliza, atachoka, ataenda. Ndiyo, ndivyo nilivyo. Nimesema nitasema ukweli.

Saa tisa alitoka shimoni. Alikuwa na tope mpaka shingoni. Hakulia. Akaliangalia jua, akaliangalia lile ua refu, akasema, "Hatuwezi kuchimba yote."

"Hatuwezi," nikasema, upesi mno.

"Basi nitapeleka udongo. Nitamuambia mama mukwe, hiki ndicho kilichobaki."

Akatandika lile shuka jeupe kwenye majani. Akapiga magoti, akaanza kuchota tope na viganja viwili, anaweka katikati ya shuka, polepole, kama mutu anayechota unga asitake umwagike. Pahali pale ndipo mayi ya kufulia yalipokuwa yanaishia. Lilikuwa tope la sabuni ya Madamu, la soksi na mashuka ya miaka kumi. Alitoa mizizi na mawe, moja moja, ili lisafike. Akachukua lingine. Akaanza kuongea nalo kwa Kinande, kwa sauti ya chini, na nikasikia jina la bwana wake mara mbili.

Hapo nilishindwa. Mimi niliyemushinda mutu akiomba mayi kwa saa nne, tope lile lilinishinda.

"Acha," nikasema. "Mama Daniella, acha. Si hapa."

Nilienda kwenye ua, nikaanza kushika vishina kimoja kimoja pale chini. Kijiti cha sole kina macho, vifundo vidogo pale tawi linapotoka. Kilichopandwa vizuri, macho yake yanaangalia juu. Kilichopigwa kichwa chini, macho yanaangalia udongo, na tawi linatoka likishuka, kiisha linajikunja kurudi juu. Sikuhitaji kukitafuta sana. Vidole vyangu vilikijua tangu siku za kukikwangua majani.

"Ni hapa."

Aliniangalia. Mikono yake ilikuwa bado imejaa tope. "Ulijua?"

"Nilijua. Na kuna neno lingine, mama Daniella, kabla hatujachimba..."

"Tuchimbe kwanza," akasema. "Jua linaenda."

Hakuniachia jembe. Alichimba yeye, mimi nikakata mizizi na sekateri, ule mukasi wa miti wa Madamu. Mizizi ya sole, ile midogo, ni myekundu, na mule ndani ilikuwa imeshonana kama mukeka. Tuliiondoa tabaka kwa tabaka. Mufupa wa kwanza ulikuwa wa mukono. Micheline akatoa sauti moja fupi, kiisha akaanza kufanya kazi na vidole peke yake, akipokea kila mufupa na kuusafisha na kitambaa. Kule Butembo watu wanajua kuheshimu maiti. Mimi nilikuwa nimesimama shimoni, mayi yananifika kwenye vifundo vya miguu, nangojea.

Kwetu wanasema ukweli unapita ndani ya moto usiungue. Huu ulipita ndani ya mayi.

Aliufikia muguu. Akajaribu kuunyanyua mufupa wa paja, ukakataa, kwa sababu muzizi mumoja munene ulikuwa umepita ndani ya kitu fulani na kukizunguka. Akafuta tope na kidole gumba. Bakoli ya shaba. Ndege. Akatabasamu kwanza, Mungu wangu, alitabasamu. "Nilimununulia mimi," akasema. "Soko ya Butembo, siku ya ubatizo wa Daniella." Kiisha kidole chake kikafuata ngozi, kikalizunguka paja mara moja, mara mbili, kikafika kwenye fundo. Kikakaa pale.

Nilisikia mayi ya ziwa yakipiga mawe.

"Mukaba si wa muguu," akasema.

Nilipeleka sekateri kwenye muzizi, nikairudisha.

"Mutu aliyekufa palepale hafungi muguu wake." Hakuinua kichwa. "Fundo hili ni lake. Ndivyo anavyofunga mbuzi. Mama Gisubizo, alikaa saa ngapi?"

"Tangu saa saba. Saa kumi na moja nilikuwa namusikia bado."

"Ulikuwa wapi?"

"Jikoni. Nimefunga mulango."

"Alisema nini?"

Nilitaka kusema hakusema kitu. Mudomo ulikuwa umeshazoea. "Aliomba mayi," nikasema. "Aliniita mimi, kwa jina la mutoto wangu. Nilikuwa na mayi. Sikufungua, mama Daniella. Risasi zilikwisha, na sikufungua. Niliogopa, na woga ulipoisha, nikaogopa kumuangalia."

Nilingoja anipige. Nilikuwa nimeshika sekateri mukononi, ningemupa. Alinyoosha mukono, nikafikiri ndiyo hiyo, lakini alisema tu, "Kata muzizi." Nikakata. Akatoa paja na mukaba wake, pamoja, bila kulifungua fundo, akaviweka ndani ya shuka.

Lile tope la sabuni alilirudisha mwenyewe shimoni. Mifupa aliiosha ziwani yote, akaipanga ndani ya kitunga kile ambacho Kambere alikisuka, mirefu chini, kichwa juu, akaifunika na shuka, juu yake akaweka nguo zake na sahani, ili watu wa mupaka waone nguo na sahani. Mimi nilifunika mashimo matatu. Saa kumi na moja na nusu tulikuwa tumemaliza, na kwenye ua kulikuwa na nafasi tatu, ziwa linaonekana.

Alisimama na kitunga, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu shimoni.

"Ni mulango gani?"

Nilimuonyesha. Ni ule ule, wa chuma, rangi ya kijani. Alienda, akaweka kitunga kando, akakaa chini kwenye simenti, mugongo kwenye mulango, miguu imenyooka. Akajaribu na bega, akasogea kidogo, kama mutu anayetafuta pahali pake.

"Hapa?"

"Hapo."

Akainuka, akanipisha. "Ingia ndani. Piga komeo."

"Mama Daniella, nakuomba, kwa jina la..."

"Ingia."

Niliingia. Nikapiga komeo. Ndani kulinuka makaa na kitunguu. Bidoni ya mayi ilikuwa pale pale inapokaa siku zote, imejaa, maana Goma hakuna mutu anayelala bila akiba ya mayi. Nilisikia akikaa tena nje, kitenge kikisugua chuma. Kiisha nikashika komeo mapema, nikaliachia, nikaogopa kufungua bila kuitwa.

Kiganja kiligonga chini, karibu na sakafu.

"Mama Gisubizo." Hakuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya jirani anayeazima chumvi. "Fungua. Unipe mayi."

Komeo lile nalipaka mafuta kila mwezi, linateleza kwa kidole kimoja. Nikafungua. Nikachota mayi na kopo, nikamupa na mikono miwili, na nusu yake ikanimwagikia. Alikunywa yote, polepole, akiwa pale chini, macho yake hayakuniacha. Kiisha akanirudishia kopo.

"Kumbe ni kazi ya hivi tu," akasema.

Akajitwika kitunga, akatoka getini.